Lenzi za enzi za filamu kwenye kamera ya dijitali: kabla hujauliza ipi nzuri, angalia mdomo wa kamera yako

#1 kioo_cheupe (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Humu haipiti wiki bila mtu kuuliza lenzi ya Helios anaipata wapi. Anatupia picha ya bibi harusi aliyoitoa Instagram, majani ya nyuma yanazunguka, watu wanajaa PM, biashara inafanyika. Hakuna anayemuuliza ana kamera gani. Siku chache baadaye anarudi: "Mbona picha za mbali zote zinatoka ukungu?" Naweka uzi huu ili tukiulizwa tena tuelekezane hapa.

Tuanze na umbali, maana huo ndio unaoamua kila kitu. Kila kampuni ya kamera ilijipangia urefu kati ya ule mdomo wa chuma unaoshika lenzi na mahali filamu inapokaa (kwenye dijitali ni sensa, ile inayonasa picha). Nikon F, iliyotoka 1959, ni milimita 46.5. M42, ule mdomo wa kusokota wa Praktica, Zenit na Pentax za zamani, ni 45.46. Olympus OM ni 46. Canon EF ni 44, Minolta ya zamani 43.5, Canon FD 42. Lenzi imepimwa ikae kwenye umbali wake. Ukiisogeza mbele hata milimita moja, ya karibu itayaona vizuri, ya mbali basi tena. Adapta (ile pete ya kuunganisha lenzi na mdomo usio wake) inaweza kuongeza umbali, kuupunguza haiwezi.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Una Canon DSLR, zile zenye kioo kinachoruka ndani (600D, 700D, 5D na wenzake)? Mdomo wako ni 44, kwa hiyo M42, Nikon na Olympus OM zinaingia kwa adapta nyembamba isiyo na kioo chochote ndani. Minolta na Canon FD hazikubali. Ndiyo, lenzi ya Canon haikubali kwenye Canon: mwaka 1987 waliacha mdomo wa FD wakaja na EF, na lenzi zote za nyuma zikabaki yatima.

Una Nikon DSLR? Pole. Mdomo wako ndio mrefu kuliko karibu wote, kwa hiyo cha kufanya ni kutafuta lenzi za Nikon zenyewe. Za M42 zitakupa mita mbili tatu kutoka ulipo, baada ya hapo hazifiki. Zipo adapta zenye kioo cha kurekebisha, lakini hicho kioo cha bei poa ndicho kinachoua ubora wa lenzi uliyoifuata.

Una mirolesi? Wewe tembea kifua mbele. Kwa sababu hakuna kile kioo kinachoruka ndani, mdomo umekaribia sensa: Sony E ni milimita 18, Canon RF 20, Nikon Z 16, Fuji X 17.7, Micro Four Thirds kama 19. Adapta inakuwa bomba tupu la chuma, na karibu lenzi yoyote ya kamera za filamu za milimita 35 inakaa. Hii hobi ilishika moto baada ya Panasonic G1 ya 2008 na Sony NEX za 2010, na Sony A7 ilipokuja 2013 na sensa ya ukubwa wa filamu, wale yatima wa FD wakapata kwao tena.

Ununue ipi? Hapa wengi watanichukia. Kama ndiyo lenzi yako ya kwanza, achana na majina. Tafuta 50mm ya kawaida kabisa (milimita hizi si za mdomo, ni za lenzi yenyewe: namba ikipanda inavuta karibu), ile iliyouzwa na kamera kila mahali: Minolta MD 50mm f/1.7, Canon FD 50mm f/1.8, Pentax-M 50mm f/1.7, Olympus OM 50mm f/1.8, Nikon AI-S 50mm f/1.8, au Super-Takumar 55mm f/1.8. Zilitengenezwa kwa wingi, muundo wake ulikuwa umeshaiva, na ukiifunga apecha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga; namba ya f ikipanda linabana) hadi f/4 zinakata vizuri, picha kali, hata leo. Ukisikia f/1.2 ujue hapo unanunua heshima mezani.

Helios 44-2 nayo si mbaya, tusionekane wachoyo. Ni 58mm f/2, Warusi waliinakili kutoka Biotar ya Carl Zeiss Jena, wakaitoa kwa miaka mingi kwenye kamera za Zenit kutoka Krasnogorsk karibu na Moscow na viwanda vingine vya Kisovieti. Ule mzunguko wa nyuma unatokea ukiwa f/2, mtu wako karibu, na nyuma kuna majani yenye mwanga unaopenya, tena si ukutani wala mbali sana. Ukimsimamisha bibi harusi mbele ya geti la bati hauzunguki. Na kwenye sensa ndogo za APS-C kingo za picha zinakatwa, na mzunguko unakaa kingoni, kwa hiyo nusu ya kile ulichokilipia hukioni. Zaidi ya laki mbili mimi sinunui. Sasa hivi watu wanaitangaza mara mbili ya hapo kwa sababu ya hizo reels.

Lenzi pana za zamani, 24mm na 28mm, mwenye APS-C aziache. 28mm inakuwa kama 42mm, umenunua upana ukapewa lenzi ya kawaida. Kinyume chake 50mm inakuwa kama 75mm, safi kabisa kwa picha za watu, na 135mm f/2.8, ambazo hazina soko siku hizi, inakuwa kama 200.

Ukifika kwa muuzaji usianze na kupiga picha. Fungua apecha yote, washa tochi ya simu, imulike kwa nyuma kwa pembe huku unatazama kwa mbele, kisha geuza. Utaona vitu vinne. Vumbi: hata lenzi mpya inalo, achana nalo. Utando mweupe kama pumzi kwenye kioo: huo unafifisha picha nzima, lakini mara nyingi fundi anausafisha. Nyuzi nyuzi zilizotawanyika kama buibui: fangasi, rudisha kabatini kwake. Na rangi za upinde wa mvua pembezoni mwa kioo: gundi kati ya vioo viwili imeachia, hiyo haina fundi hapa mjini.

Mkwaruzo kwenye kioo cha mbele unatisha macho kuliko picha. Wa nyuma ndio wa kuogopa. Zungusha fokasi mwanzo hadi mwisho. Ikiwa nzito sawasawa ni grisi imeganda, ikiwa inakwama sehemu moja, ilishaanguka hiyo. Mwisho sukuma kile kipini cha apecha: bleidi (zile pande za chuma za apecha) zifunge na kufunguka papo hapo. Zikijivuta, zina mafuta.

Ya matumizi tutaendelea kwenye maswali. Karibuni.

#2 D3200_yangu

Mkuu uzi umeenda shule. Ila umenivunja moyo, mimi nina Nikon D3200 na shemeji yuko Ujerumani keshanunua Helios ananiletea mwezi ujao. Ndiyo imekula kwangu?

#3 kioo_cheupe

Haijakula kwako, picha za uso na nusu mwili utapiga. Ila mwambie shemeji, kama bado yuko huko, aongeze Nikkor AI (lenzi za Nikon za kuanzia 1977) yoyote ya 50mm au 105mm f/2.5. Hiyo 105 ndiyo mpiga picha Steve McCurry alimpigia yule binti wa Kiafghani mwenye macho ya kijani mwaka 1984, na bado haijawa na bei ya kichaa.

D3200 yako ina mambo mawili ya kujua. Ukifunga lenzi isiyo na chipu, kamera haipimi mwanga, unapiga kwenye M tu, unapanga kila kitu mwenyewe. Si tatizo: jua la saa sita bila wingu ni f/16 na shata (muda wa kupitisha mwanga) karibu na namba ya ISO (wepesi wa sensa kunasa mwanga), yaani ISO 200, shata 1/200. Kivulini ongeza stopu tatu nne (kila stopu ni mwanga mara mbili), angalia skrini, rekebisha. La pili, kale kadoti ka kijani chini kushoto kwenye kitundu cha kuangalia kanafanya kazi hata na lenzi hizi, kanawaka ukishafokasi, ilimradi lenzi isiwe na giza kuliko f/5.6.

Na wewe una bahati ambayo mwenye D7000 hana. Lenzi za Nikon kabla ya 1977, kabla hawajaleta AI, zinaweza kuvunja kale kaulimi pembeni ya mdomo wa D7000 na kamera kama hizo. D3200 haina kaulimi hako, kwa hiyo nyingi zinaingia salama. D7000 nayo ina la kwake: ukiiandikia kwenye menyu ni lenzi ya milimita ngapi na apecha gani, inapima mwanga na AI vizuri tu.

#4 mpiga_harusi

Naomba nipingane kidogo. Mimi nafanya harusi na send-off karibu kila Jumamosi. MC akisema "bwana harusi mlishe keki bibi harusi," una sekunde tatu. Nani anazungusha fokasi hapo? Mteja hataki kusikia habari za Krasnogorsk, anataka keki mdomoni. Naona vijana wanapoteza hela ya 50mm f/1.8 mpya yenye fokasi yake wanakimbilia vyuma vya babu zao.

#5 kioo_cheupe

Mkuu hapo huna mpinzani. Kwenye keki mtu asilete uhuni. Mwenye hela ya lenzi moja tu na anayelipwa kwa picha, achukue ya fokasi otomatiki, tumalize.

Ila muulize anayeshika video kwenye harusi hiyohiyo. Yeye fokasi anaivuta kwa mkono siku zote, na lenzi nyingi mpya za bei nafuu pete yake ni nyepesi, haina mwanzo wala mwisho, inazungusha mota. Lenzi ya zamani pete inazunguka nusu duara na zaidi, ina kituo kila upande, unaweza kuweka alama kwa plasta nyeupe: hapa jukwaa, hapa mlango. Na Helios 44-2 ina pete ya apecha inayoteleza bila "kata kata", unafifisha mwanga katikati ya shoti bila kuruka. Cha kukumbuka ni ND tu, kile kichujio cheusi cha kupunguza mwanga, maana shata ya video ukiibana kwenye 1/50, jua la Dodoma na f/2 haviivi chungu kimoja.

#6 pwani254

Asalaam aleikum jamaa. Niko Mombasa. Huu uzi mzuri lakini mwandishi amepita mbio kwenye fangasi, na huku kwetu ndiyo balaa lenyewe. Lenzi inatoka Japani safi, unaiweka kwenye mkoba wake wa ngozi, unaifungia kabatini, masika yakipita ukifungua ushaota shamba.

Mkoba wa ngozi ndio wa kwanza kuutupa. Ngozi inashika unyevu na fangasi inakula ngozi kabla haijakula lenzi. Pili, giza na hewa isiyotembea. Lenzi inayotumika kila wiki haioti, ya maonyesho ndiyo inayoota. Mimi nachukua ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, naweka vile vipakiti vya silika vya kwenye maboksi ya viatu, vile vinavyobadilika rangi ni bora zaidi maana unaona vikichoka. Vikichoka navikausha kwenye ovena moto mdogo, navirudisha. Na kipima unyevu kile kidogo cha bei rahisi nakitia ndani: asilimia 40 hadi 50 nalala. Ikipita 60, mlango wa fangasi uko wazi. Usishuke 30 vilevile, grisi na gundi hazipendi ukavu wa jangwa.

Na lenzi yenye fangasi usiiweke pamoja na nzima, hata kama umeambiwa imesafishwa.

#7 kioo_cheupe

Pwani254 umemaliza. Niongeze moja: watu wa Arusha na Nairobi wasijione wamepona, baridi ya Juni na Julai nyumba za matofali nazo zina unyevu wake. Fangasi ikiwa changa juu ya kioo inafutika, lakini ikikaa inatoa asidi inayokula lile koti la kioo (utando mwembamba wa kupunguza mng'ao), na ukishaifuta alama inabaki. Ikiwa imeingia kati ya vioo vilivyogundishwa, usifungue lenzi, utapoteza Jumapili yako.

#8 mtoto_wa_Forodhani

Nami nichangie kutoka Unguja. Marehemu baba aliacha Praktica, imeandikwa Carl Zeiss Jena Tessar 2.8/50. Nyumba za jirani zetu kadhaa zina kamera kama hii. Je, lenzi hii yafaa kitu au niiweke kumbukumbu tu? Mimi nina Canon 700D.

#9 kioo_cheupe

Pole kwa msiba, hata kama wa siku nyingi. Hizo Praktica kukutwa Unguja si ajabu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, wataalamu wao wakaja, maghorofa ya Michenzani ni kazi ya wakati huo, na Praktica ilikuwa inatengenezwa kwao Dresden. Jena nako kulibaki upande wa Mashariki baada ya vita, wakati Zeiss wa Magharibi wakaanza upya Oberkochen. Ndiyo maana kuna Zeiss mbili za enzi hiyo.

Kwanza tazama kama lenzi inatoka kwa kusokota. Kama inasokotwa ni M42, adapta ya M42 kwenda EF inatosha na 700D yako itapiga mbali na karibu. Kama inazungushwa kidogo tu na kuchomoka, hiyo ni Praktica B ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 70, mdomo tofauti, niambie tuongee upya.

Tessar ni muundo wa Paul Rudolph wa 1902, vioo vinne tu. Ukiwa f/2.8 ni laini kidogo pembeni, ukifika f/5.6 hadi f/8 inakata. Usitegemee ukungu mtamu wa nyuma, haikuzaliwa kwa hilo. Ipige mchana: milango ya Mji Mkongwe, majahazi, watu barazani. Kwa kuwa vioo ni vichache mwanga haupotei njiani, rangi zinatoka zimeshiba. Kagua bleidi, Jena za umri huo zina tabia ya kuvuja mafuta humo.

Kwenye 700D weka Av, weka apecha kwa mkono kwenye lenzi, kamera itapima yenyewe na itachagua shata. Na usifokasi kwa kitundu cha juu ukiwa na lenzi ya f/1.4 au f/1.8. Vioo vya kutazamia vya DSLR za sasa havionyeshi tofauti chini ya f/2.8 hivi: unaona kila kitu kiko wazi, ukifika nyumbani sikio ndilo limetoka, jicho halimo. Tumia skrini ya nyuma, bofya ile lenzi ya kukuzia mara tano, mara kumi, ndipo uzungushe.

#10 sensa_chafu

Swali la kizushi. Nimesoma kwamba Takumar 50mm f/1.4 ina mionzi. Ni kweli au watu wa YouTube wanatafuta views?

#11 kioo_cheupe

Kweli kabisa. Baadhi ya lenzi za miaka ya 60 na 70 zilichanganywa thoriamu kwenye kioo ili kipinde mwanga vizuri bila kupoteza ubora, na Super-Takumar 50mm f/1.4 ya vioo saba ni mmoja wa mifano maarufu. Mionzi yake ni midogo, kubeba na kupigia picha hakukudhuru. Usiitie mtoto kama kitu cha kuchezea, usiisage, wala usitengeneze nayo darubini ya kubandika jichoni kutwa.

Tatizo lake halisi ni kwamba thoriamu inakifanya kioo kiwe cha njano kama chai baada ya miaka. Ukiiona ya njano usimdharau muuzaji, mpunguzie bei. Iweke dirishani jua liipige, au chini ya taa ya UV, wiki kadhaa njano inaondoka. Jua letu kali lina faida hapo, ila usiifungie ndani ya gari, grisi itayeyuka ihamie kwenye bleidi.

#12 mpiga_harusi

Haya nimesoma yote, nimeshawishika robo. Nina Sony A6400, nimeazima Canon FD 50mm f/1.8 na adapta ya jamaa. Nimefunga, kamera haipigi kabisa, nabonyeza kimya. Na apecha nikizungusha haibadiliki chochote. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?

#13 kioo_cheupe

Mkuu karibu chamani. Vyote viwili ni vya kawaida.

Kamera inadhani haina lenzi. Ingia menyu, tafuta sehemu ya kuruhusu shata bila lenzi, iwashe. Fuji na Canon R nazo zina kipengele hicho, majina tu yanatofautiana.

Apecha: adapta za FD zina pete yake, imeandikwa "lock" na "open". Kabla ya kufunga lenzi weka pete upande wa "open", funga lenzi, kisha izungushe kwenda "lock". Sasa pete ya apecha ya lenzi itatii, utaona bleidi zikifunga.

Halafu washa ile rangi inayochora kingo za kilichofokasi, chagua nyekundu, kiwango cha chini. Kiwango cha juu kinapaka rangi kila mahali na kukudanganya. Ukiwa f/1.8 usiiamini peke yake, kuza picha uangalie kope za jicho. A6400 haina kitulizaji cha kutikisika ndani ya mwili, kwa hiyo shata isishuke chini ya 1/100. Mwenye mwili wenye kitulizaji akumbuke kuiandikia kamera 50mm mwenyewe, maana lenzi haina chipu ya kuitambulisha, na ukiiachia namba ya lenzi nyingine inatuliza mtikisiko usiokuwepo.

#14 mpiga_harusi

Imepiga. Ila nikielekeza dirishani picha yote inakuwa nyeupe nyeupe, haina weusi.

#15 kioo_cheupe

Koti la kioo la enzi hizo si kama la leo. Nunua kofia ya lenzi ya raba ya saizi yake: FD 50mm f/1.8 za mwisho (New FD) ni milimita 52, za mwanzo ni 55. Wakati unaisubiri, kinga kwa kiganja juu ya lenzi, dirisha likae nje ya fremu.